Folda ya Ekalakala

Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Hidaya alifungua katoni ya tatu, akapangusa vumbi kwa kitambaa cha jikoni, akawasha skana. Ofisi ya shirika ilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na kwa miaka tisa kumbukumbu zote za programu ya mazingira zilikuwa zimelala kwenye katoni za sabuni na za mafuta ya kupikia. Sasa wafadhili walitaka kila karatasi iingie kwenye mfumo mpya wa kompyuta, kila mradi na folda yake, na kila folda iwekwe kwenye sehemu moja kati ya mbili: Iliyokamilika au Inayoendelea. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita. Baada ya hapo mfumo ungefungwa, na vijiji vya awamu mpya vingechaguliwa kutoka sehemu ya Inayoendelea peke yake. Mradi uliokamilika haujengwi mara ya pili.

Mkataba wa Hidaya nao ulikuwa unaisha Ijumaa hiyohiyo. Wa kuusaini upya alikuwa Mathenge, meneja wa programu, mtu mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kumgombeza mtu yeyote na hakuna mtu aliyewahi kumkatalia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unaskani karatasi, unaipa jina la mradi, mahali na mwaka, kisha unaiburuta hadi kwenye folda yake. Hidaya alianza na miche ya parachichi ya Kola. Alipomaliza kuingiza faili ya mwisho alifungua droo kutafuta stepla, akakuta maparachichi mawili mabichi. Akayafunga kwenye gazeti ili yaive. Mchana aliingiza matuta ya Muthetheni, na alipotaka kuinuka akaona udongo mwekundu umejaa chini ya kiti mpaka kwenye vifundo vya miguu. Maundu, tarishi wa ofisi, alileta fagio na ndoo bila kuuliza. Alisema ni udongo mzuri, akaupeleka kwake kupandia sukuma wiki.

Jumatano ilifika zamu ya bwawa la mchanga la Ekalakala. Bwawa la aina hiyo ni ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu. Mvua ikinyesha mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo mpaka kiangazi. Hidaya aliingiza faili ya kwanza, akanyoosha mkono kuchukua chai. Kikombe kilikuwa kikavu. Akamimina nyingine, akaingiza faili ya pili, na chai ile nayo ikashuka taratibu huku akiitazama, kama inanywewa na mgeni mwenye adabu. Kufikia saa nne mtungi wa maji ya kunywa pale kona ulikuwa umekauka, na Maundu alirudi kutoka msalani kusema tangi la choo halina kitu.

Mathenge aliitwa. Alisimama nyuma ya kiti cha Hidaya, akatazama skrini, akatazama mtungi. Alikumbusha kwamba sheria ya ofisi inakataza vinywaji karibu na kompyuta. Kisha akamwagiza Maundu alete mitungi mitano ya maji, na beseni liwekwe mezani kando ya kompyuta ili folda inywe hapo na iachane na choo. Ilisaidia. Folda ilikunywa beseni moja kila saa, na vyombo vingine ikaviacha.

"Hiyo ya Ekalakala iende Iliyokamilika," Mathenge alisema akitoka. "Rejesta ziko, ripoti iko."

Kweli zilikuwepo. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, na chini yake sahihi ya Mathenge. Rejesta ilionyesha siku sitini za kazi, watu arobaini kila siku, na kila mtu na alama ya kidole gumba. Hidaya aliipitia mara mbili. Rejesta za Muthetheni zilikuwa chafu ajabu, kurasa zimeshikana kwa matope hadi ikabidi azitenganishe kwa kisu. Hii ya Ekalakala ilikuwa safi. Siku sitini za kuchimba mto na kubeba mawe, na hakuna hata doa. Wino ulikuwa mmoja, wa zambarau, toka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Folda alikuwa ameshaizoea, lakini kurasa zile safi zilimtia hofu, kwa sababu sasa alikuwa anajua kwamba hakuna aliyezishika akitoka kazini.

Kwenye jalada kulikuwa na namba ya simu ya mwenyekiti wa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa pamoja. Alipiga. Alhamisi saa tatu mwenyekiti mwenyewe, Syokau, akafika, mama wa miaka sitini na kitu, leso kichwani na viatu vya raba. Hidaya alimfunulia rejesta. Syokau aliitazama kwa muda mrefu, akicheka kidogo kila alipotambua jina la mtu, na mara mbili akaligusa jina kwa kidole, kwa kuwa wenye majina hayo walikwisha kufa.

Alieleza bila haraka. Kwao mwethya huweka kidole kabla ya kazi. Ukishaweka kidole umeahidi mbele ya watu, na aliyeahidi hawezi kubaki nyumbani akijifanya mgonjwa. Watu wa Muthetheni huweka jioni wakitoka shambani, alisema, ndiyo maana vitabu vyao havisomeki. Wa Ekalakala walikusanyika uwanja wa kanisa siku moja, wakaweka vidole vya siku zote sitini, wakamkabidhi afisa wa shirika kitabu, wakaenda kukusanya mawe. Mawe yapo mpaka leo kando ya mto.

"Lori ya simiti haikukuja," alisema. "Tuliambiwa tungoje. Tumengoja miaka nne."

Hidaya alimweleza kuhusu Ijumaa na zile sehemu mbili za mfumo. Syokau alielewa upesi kuliko wafanyakazi walivyoelewa semina ya siku mbili.

"Kwa hivyo hizo vidole zetu ndio zimetumaliza."

"Bado, mama. Folda iko Inayoendelea. Ni mimi wa kuisukuma."

"Basi usisukume, mwanangu."

Hidaya alisema atajaribu. Alijua neno hilo lina uzito gani, na aliona haya kulitumia mbele ya mtu aliyeamka alfajiri kuja kulisikia. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Ijumaa saa nne mkaguzi wa wafadhili, Bi Wambura, alifika kutoka Nairobi. Folda ilikuwa imezidisha. Mabeseni yalikuwa mawili na Maundu hakupata nafasi ya kuketi. Wambura aliweka chupa yake ya maji mezani, ikaisha, plastiki ikajikunja. Baadaye dereva wake alipanda ngazi kusema rejeta ya gari imekauka. Wambura alifungua fomu yake penye kifungu cha mazingira ya kazi, akaandika kwamba matumizi ya maji katika ofisi hii ni makubwa, na akapendekeza ipewe tangi la lita elfu tano. Mathenge alimshukuru.

Kisha walipitia folda moja moja. Kola, sawa. Muthetheni, sawa. Zilipofika ishirini na tatu, saa iliyokuwa ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nane, na ilikuwa imebaki folda moja.

"Hii mbona bado inaendelea?" Wambura aliuliza. "Naona siku sitini za kazi na zote zimesainiwa. Kuna shida?"

Hidaya alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Yalikuwa machache: ukuta haupo, vidole viliwekwa kabla. Alifungua kinywa, na mate yakamkauka. Ulimi ulishika kwenye kaakaa. Hakujua kama ni folda iliyomnywa au ni woga wake mwenyewe, na hata leo hajui. Mathenge alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika bahasha yenye mkataba mpya na kalamu iliyofunguliwa. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayemngojea mwenzake afunge kamba za viatu ili waondoke.

"Hidaya," alisema, "saa zinaenda."

Wambura alingoja. Alikuwa mwanamke mwenye subira, na kama angeambiwa angeandika; fomu ilikuwa na nafasi ya maoni mengine. Hidaya alitikisa kichwa kwamba hakuna shida, akaishika folda ya Ekalakala kwa kipanya, akaiburuta upande wa pili. Ikaingia. Alijichukia, na aliusaini mkataba.

Tangi lililetwa baada ya wiki mbili, likasimamishwa juu ya paa, na fundi akavuta bomba hadi mezani kwa Hidaya ili Maundu apumzike kubeba. Folda iliendelea kunywa. Katika ripoti ya mwaka bwawa la Ekalakala liliorodheshwa kuwa na wanufaika mia tatu na kumi na mbili, na picha iliyowekwa ilikuwa ya mto tu, mzuri, bila ukuta wowote.

Siku tatu baada ya tangi, Syokau alikuja. Alikuwa amesoma orodha ya vijiji vya awamu mpya iliyobandikwa kwa chifu, akaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Hidaya alimweleza yote, hata habari za bahasha, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wakati huo Maundu alifungua mfereji wa bomba, beseni likajaa, na wote watatu wakayatazama maji yakishuka hadi likabaki beseni tupu.

"Hiyo maji yote inaenda wapi?" Syokau aliuliza.

"Ekalakala," Maundu akajibu, kwa sababu ndivyo walivyozoea kusema ofisini.

"Mimi nimetoka Ekalakala asubuhi hii."

Hidaya aliomba msamaha. Syokau alisema amesikia. Alipokaribishwa chai alikataa kwa upole, akasema hana wakati: mtungi wake ameuacha kwenye foleni ya kisima, kule mtoni, na zamu yake ikifika kabla hajarudi watauruka. Akashuka ngazi akishikilia ukuta. Maundu akafungua mfereji tena.