Uzito wa Atiir

Ekiru alisimamisha ambulensi mbele ya gereji ya Magloire, Kakuma Moja, nayo ikatikisika kabla ya kuzimika. Kwenye lami ya Lodwar, ikikimbia, haikuwa na neno. Taabu ilikuwa mwendo wa polepole: kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, kwenye matuta, popote ambapo mtu aliyevunjika nyonga au mama mwenye uchungu alitaka kubebwa kama yai. Hapo injini ilivuta, ikaachia, ikavuta tena, na waliolala nyuma walilia.

Magloire, fundi mkimbizi aliyekuja kambini kutoka Uvira, alichomeka waya chini ya usukani, akaweka laputopu magotini, akamwambia Ekiru azunguke uwanja taratibu.

"Mashine iko muzuri," alisema baadaye. "Ni kompyuta yake. Iko nasikia uzito wa mutu huko nyuma, na hakuna mwenye aliiambia kuna mutu. Ndiyo maana inavuta na kuachia."

"Mtu wa namna gani?"

"Mwanamuke. Iko na mimba ya karibu kuzaa."

"Huyo ni dada yangu," alisema Ekiru.

Atiir alikufa mwaka uliopita, ng'ambo ya laga, akiwa anangoja ambulensi hiyohiyo. Meneja wa shirika lenye ambulensi alikuwa ameenda nayo Lodwar kwa sababu gari lake lilikuwa bovu, na dereva alikuwa Ekiru. Mama yao alipopiga simu, meneja alisema wapakie kwanza viti vya mkutano. Ekiru alivipakia.

Magloire aliongeza mafuta kidogo kwenye mizunguko ya chini ya injini, akaipunguzia pedali ukali, kisha akaijulisha kompyuta uzito wa Atiir na wa mtoto wake. Walipojaribu tena, gari lilitambaa juu ya mchanga bila kushtuka. Kwenye kioo Ekiru alimwona dada yake ameketi kando ya machela, miguu ina vumbi, mikono iko tumboni.

"Ejok, Atiir," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ejok."

"Unaenda wapi?"

"Hospitali. Bado sijafika."

Ekiru alimpeleka Lodwar siku hiyo. Muuguzi wa zamu alimpapasa tumbo, akasema mtoto alikuwa amekaa vibaya na mama angepasuliwa mapema angepona. Ila sasa wodi ilikuwa imejaa, walio hai walikuwa wakilala wawili wawili, na waliokwisha kufa ilibidi wasubiri. "Pole, mama," alisema. Atiir alijibu kwamba kusubiri amezoea, akarudi garini.

Habari kwamba gari limetulia zilimfikia meneja. Alipanda, akazunguka nalo mjini, akaagiza machela itolewe na kiti chenye mito kifungwe mahali pake. Alipomwona Atiir, aliuliza kama ni mfanyakazi.

"Ni dada yangu," alisema Ekiru.

"Ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi. Lakini huyu hachukui nafasi. Akae na mizigo."

Mwezi huohuo Pascaline, Mrundi wa Kalobeyei, alishikwa na uchungu. Simu ilimkuta Ekiru nje ya hoteli mjini Lodwar. Aliingia ndani, akainama karibu na sahani ya meneja, akamweleza.

"Wamtafutie bodaboda," alisema meneja. "Mimi bado nina wageni."

Ekiru alirudi garini, akashika ufunguo.

"Nenda," Atiir alimwambia.

"Nikienda nitafutwa kazi. Mama atakula nini?"

Walikaa hivyo, jua likiwachoma kupitia kioo, hadi wageni walipotoka wakicheka.

Kesho yake meneja alikuwa na ziara Kalobeyei. Kabla ya kufika kijijini walimkuta Pascaline kando ya barabara, peku, kitenge kimelowa damu, kitoto kimya kifuani. Ekiru alipunguza mwendo, na gari likasimama kwa upole. Akashuka kufungua mlango wa nyuma. Atiir alisogea, akampa mwenzake mkono.

Meneja aliinua macho kutoka kwenye simu. "Nani tena?"

"Pascaline. Yule wa jana. Alikufa akingoja."

Meneja aligeuka, akamwamkia kwa kichwa, naye Pascaline akaitikia.

"Waambie wasikanyage begi langu," meneja alimwambia Ekiru. "Na uongeze mwendo, tumechelewa."

Ekiru aliwaambia, akaongeza mwendo.