Agnetha Hakubofya Vibaya

Meneja Karugendo alipopiga simu, Verdiana alikuwa akiosha vikombe vya chai nyumbani kwake Rwamishenye.

"Binti, programu yako imegoma tena, katikati ya matangazo ya vifo. Lakini usihangaike, mkosaji nimeshampata. Nimemsimamisha kazi yule mtangazaji, Agnetha."

"Agnetha amefanya nini?"

"Anabofya ovyo. Vidole vyake vinabomoa kila kitu."

Verdiana aliweka kikombe chini kwa hasira. Programu hiyo aliiandika yeye mwenyewe, kwa ajili ya redio ndogo ya jamii mjini Muleba. Kila tangazo lilifungua dirisha lake kwenye kompyuta ya studio: maneno ya kusoma, kitufe cha kupiga muziki wa maombolezo, na mstari uliojaa taratibu kadiri muziki ulivyosonga. Sasa programu nzima ilikuwa na tabia ya kutoweka kwenye kioo bila kuaga, ikimwacha mtangazaji na kipaza sauti kilicho wazi na hana la kusoma. Mara iliyotangulia bibi mmoja asiye na simu alisikia jina la kaka yake, marehemu wa Izimbya, lakini siku ya mazishi hakuisikia. Alipofika msibani, watu walikuwa wameshatoka kuzika.

Verdiana alikuwa ameijaribu programu nyumbani tena na tena, na kila mara ilifanya kazi vizuri. Ila jambo moja alilijua: programu inayouawa na vidole vya mtu ni programu mbovu. Akafunga safari ya Muleba.

Studioni alikuta karatasi imebandikwa juu ya kompyuta: MARUFUKU KUFUNGA DIRISHA KABLA MUZIKI HAUJAISHA. Akaibandua.

"Hiyo ni amri yangu," alisema Karugendo.

"Na programu ni yangu, mzee. Mwite Agnetha, nimwone akifanya kazi."

"Nimeshasema amesimamishwa."

"Basi nitamngoja hapa." Verdiana akavuta kiti cha mtangazaji, akakaa.

Pale mapokezi wafiwa walikuwa wameanza kukusanyika na matangazo yao ya mchana. Karugendo aliwatazama kupitia mlango, akamtazama binti aliyekalia kiti, akatoa simu mfukoni.

Agnetha alikuja na gauni la nyumbani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti iliyojulikana wilaya nzima. Alimsalimia Verdiana na kumpita Karugendo kana kwamba ni nguzo.

"Dada, fanya kama siku zote," Verdiana alimwomba, akiwa ameshawasha kifaa cha kuichunguza programu kwa ndani. "Hatuko hewani. Usinionee haya."

Agnetha akasoma tangazo, akapiga muziki, na muziki ukiwa bado unalia akafunga dirisha na kufungua la pili.

"Mbona husubiri uishe?"

"Mdogo wangu, nataka nilipitie jina linalofuata kimoyomoyo kwanza. Siwezi kulikosea jina la marehemu mbele ya ukoo wake."

Verdiana alihisi aibu ikimpanda. Yeye kila alipojaribu alingoja muziki uishe, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hakuwahi kumfikiria mtu aliye katikati ya kazi. Agnetha akafungua dirisha jingine, na programu ikatoweka. Lakini safari hii kifaa kilikuwa kimeshika alama za nyayo za mkosaji.

"Njoo uone, mzee," Verdiana alisema. "Dirisha likifungwa, kompyuta hulibomoa na kiwanja chake kwenye kumbukumbu humpa mwingine. Ila kicheza muziki hakikuambiwa. Kinaendelea kwenda palepale kuujaza ule mstari. Leo kiwanja ni kitupu, hakuna madhara. Kesho kuna kitu kingine kimejengwa, na hapo ndipo yote yanaanguka."

Uso wa Karugendo ulichangamka. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi! Asifunge. Kiondoe hicho kitufe cha kufunga, tumalize."

"Sikiondoi."

"Binti, mimi ndiye meneja hapa."

"Naheshimu, mzee. Lakini programu ndiyo inayopaswa kumvumilia mtu. Mtu hakuajiriwa hapa kuivumilia programu."

Akaandika upya sehemu ile, ili dirisha kabla ya kubomolewa likate kwanza mawasiliano na kicheza muziki. Agnetha akajaribu. Programu ikaanguka vilevile.

Karugendo alicheka waziwazi. "Hata mwenye nayo imemshinda."

Masikio yalimuwaka Verdiana, lakini hakuinua kichwa. Alisoma ripoti mpaka akaona kwamba safari hii mkosaji ni mwingine: saa ndogo ya ndani iliyowasha na kuzima nukta nyekundu, pambo aliloliomba Karugendo ili studio ionekane ya kisasa. Nayo ilikuwa ikilihudumia dirisha lililokufa. Akaona kuziba tundu mojamoja hakufai. Akaupanga upya msimbo wa programu ili kila kinacholihudumia dirisha kiwe mali ya dirisha, kizaliwe nalo na kife nalo.

"Fungua, funga. Usilionee huruma."

Agnetha alifungua na kufunga kama mtu anayepukuchua maharage. Programu ikasimama imara.

"Haya, ingia hewani," Karugendo akasema akitazama saa ya ukutani. "Muda wa matangazo umefika."

Agnetha akachukua mkoba wake. "Sisomi."

"Unasemaje?"

"Ulinisimamisha pale mapokezi, watu wakisikia. Ukasema vidole vyangu vinabomoa. Unirudishe palepale."

"Tutazungumza ofisini, baadaye."

"Ofisini hapana."

Verdiana akasogea, akasimama begani kwa Agnetha. Mwishowe Karugendo akafungua mlango wa mapokezi, akakohoa.

"Ndugu zangu, Agnetha hakukosea. Hitilafu ilikuwa kwenye programu. Anarudi kazini sasa hivi."

Agnetha hakusogea.

"Na maneno niliyomtamkia," Karugendo aliongeza, akitazama sakafu, "hayakuwa ya kweli. Namwomba radhi."

"Kasinge, waitu," mzee mmoja wa wale wafiwa alimshukuru kwa Kihaya, kwa upole.

Agnetha akaketi, akavaa vipokea sauti, akaanza. Muziki wa kwanza ukiwa bado unalia alifunga dirisha, akafungua la pili, midomo yake ikilipitia jina bila sauti. Akasoma yote mpaka la mwisho, na siku na saa za mazishi zikasikika zote.

Verdiana alizungusha nyaya, akaweka mkoba wa kompyuta yake begani.

"Ikianguka tena, mzee, nipigie mimi," alimwambia Karugendo mlangoni. "Usimguse mtu."