Bei Yangu ya Siku

Nayna aliponiuliza nachaji ngapi kwa siku, nilimjibu kama mtoto wa Kariakoo. Nilitaja laki tatu na nusu huku nikitaka laki tatu, ili naye apate pa kupunguzia. Hakupunguza chochote. Alitazama kompyuta yake, akasema mteja ametenga laki mbili na ishirini, na hapo tayari kajitahidi.

Mimi ni fundi wa jenereta, najitegemea, sina mwajiri. Mawakala kama Nayna ndio hututafutia kazi. Wanapatana na kampuni bei yao, wanapatana na sisi bei yetu, na kinachobaki katikati ndicho chakula chao. Simlaumu. Marehemu baba aliuza vitenge Mtaa wa Kongo miaka thelathini kwa mtindo huohuo, akatusomesha.

Kazi yenyewe niliitaka kuliko nilivyoonyesha. Ilikuwa ya miezi mitatu, kukagua jenereta za maghala ya baridi, hapahapa mjini. Miaka tisa nimekuwa mtu wa migodini, wiki sita huko, siku kumi nyumbani Magomeni, na kila nikirudi namkuta mama kapungua kidogo. Safari iliyopita alikuwa akijishikiza ukutani kuelekea jikoni. Nikiikosa hii, Jumatatu napanda basi la Geita.

"Laki tatu, dada Nayna. Hapo ndipo mwisho."

"Kaka Severine, sina bajeti nyingine mfukoni. Nikuandike?"

Ndipo nilipomkumbuka baba. Siku za likizo alikuwa akinichukua kwenda kununua mzigo kwa mzee Jayant, muuzaji wa jumla. Hakuna raha niliyowahi kuipata ikazidi ile, harufu ya vitenge vipya vikitoka kwenye marobota, wachukuzi wakipiga kelele tuwapishe, na mimi nimeshikwa mkono na baba. Jayant akitaja bei, baba husimama. "Hiyo bei yako, baki nayo," humwambia, tukatoka bila kugeuka nyuma. Pale kona hunikatia miwa, huniambia nimsubiri kwa muuza miwa, yeye akaangalie vitu vingine. Kabla sijaimaliza, namwona mchukuzi akipita na mkokoteni umejaa vitenge vyetu, na baba nyuma yake, mikono mfukoni. Nikajua Jayant kashindwa, kamwita. Nilitamba nayo hiyo shuleni hadi wenzangu wakanichoka.

Basi nami nikasimama. "Hiyo bei yako, dada, baki nayo." Nilitembea polepole hadi mlangoni, nikimpa nafasi ya kuniita. Kwenye lifti nikawaachia watu wengine watangulie, nikasubiri ya pili. Hakuna aliyeniita. Nilishuka ghorofa nne nikiwa nimeinua kichwa, nikavuka barabara, nikakaa kwenye ukingo wa bustani pale Mnazi Mmoja kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda.

Simu ikaita. Ni mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wamekubali?"

"Bado, nimewaachia bei yao. Wataniita tu. Si unakumbuka baba alivyokuwa akimfanyia Jayant?"

Mama alicheka hadi akakohoa. "Nani alimwita baba yako? Alikuwa akizunguka jengo, anaingia kwa mlango wa nyuma, anachukua mzigo kwa bei ya Jayant. Nilishahisi zamani, na Jayant mwenyewe akanithibitishia siku ya msiba. Alisema hakuwahi kumpunguzia hata senti, ila alimpenda kwa jinsi alivyokuwa akibisha hodi."

"Na miwa?"

"Ulitaka akurudishe ndani ukamwone anaomba?"

Tulikaa kwenye simu muda mrefu. Alinisimulia mengine ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi duka lilivyokuwa karibu kufungwa mara mbili, jinsi walivyokula uji mchana ili ada ipatikane. Nilimhurumia baba kwa huruma iliyochelewa sana, akipita mlango wa nyuma peke yake mwaka hadi mwaka, na mimi nje natafuna miwa nikimwona bingwa wa Kariakoo nzima.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama alimalizia. "Rudi huko juu. Mimi sina wiki sita nyingi za kukusubiri."

Lifti sikuingoja. Nilipanda ngazi mbilimbili, nikafika kwa Nayna nahema, nikasema kabla hata ya kukaa, "Laki mbili na ishirini, nimekubali. Niandike."

Nayna alikuwa ameshika simu yake mkononi. Aliiweka mezani taratibu.

"Nimekupigia mara tatu, kaka. Inatumika tu. Ulipotoka nilimsumbua mteja, akapanda hadi laki mbili na themanini." Alichukua kalamu. "Lakini umeshanipa neno lako."

Laiti ningemsalimia kwanza, au hata ningekohoa. Ila mtu aliyelelewa Mtaa wa Kongo anajua kwamba bei ikishatoka mdomoni mwako haina njia ya kurudi, na kwamba Nayna naye ana kwao pa kupeleka mkate. Nikasaini. Sijui hadi leo kama ilikuwa kwa hasira au kwa furaha.

Saa saba nilikuwa Magomeni. Mama alikuwa ameketi mezani, kafunika sahani mbili. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokula pamoja mchana siku ya kazi.

"Walikuita?"

"Waliniita, mama. Sikuwa nimefika hata kwenye ngazi."

"Na bei wakapandisha?"

"Wakapandisha."

Alinitazama vilevile alivyokuwa akimtazama baba akirudi na mzigo.

"Haya, kaa ule," akasema. "Ndizi zinapoa."