Madirisha ya Shule

Mtaani walimwita Dada Mkopo kwa kazi yake ya ofisa mikopo wa benki, na enzi zile benki ina pesa za kumwaga jina hilo lilimpendeza. Meneja alitaka wakopaji wapya kila wiki. Yeye akaanzia nyumbani, kwa Cheche, mdogo wa mama yake, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Mjomba, hilo jenereta linakohoa kuliko wewe. Chukua mkopo ununue mashine za maana."

Cheche alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasaini.

Mambo yakamnyookea. Mkandarasi mmoja akampa kazi ya madirisha yote ya shule mpya. Cheche akanunua vyuma kwa akiba yake, akachomelea mpaka macho yakawa mekundu. Madirisha yakafungwa, watoto wakaanza kusoma, yeye akabaki kungoja malipo.

Malipo hayakuja. Mkandarasi naye alikuwa na deni kubwa benki ileile, na aliposuasua kulipa, benki ikazuia akaunti yake, pesa za shule zikiwa ndani. Mkandarasi akashindwa kumlipa Cheche, na Cheche akashindwa kuilipa benki.

Dada Mkopo alipoligundua hilo alipanda ngazi mbiombio.

"Meneja, pesa za fundi ziko humu humu ndani! Tuziachie kidogo, mkandarasi amlipe, naye atulipe siku hiyohiyo."

"Tumeshazikata kwenye deni la mkandarasi."

"Lakini lile ni jasho la fundi."

"Najua," alisema Meneja kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini. "Makao makuu wanataka mikopo mibovu ipungue kabla ya kufunga mwaka. Huyo mjomba wako ana dhamana, na mashine zake zinauzika. Ningekuwa na uwezo..." Akageukia kompyuta yake.

Dada Mkopo aliwaandikia makao makuu, akawaomba wamwongezee mjomba muda. Wakakataa. Akafikiria kumlipia kwa mshahara wake, lakini mshahara wenyewe ulikuwa unakatwa mkopo wa benki hiyohiyo.

Dalali alipokuja na lori, ilimbidi awepo, maana ndiye aliyetoa ule mkopo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mke wa mjomba alichungulia mlangoni, akamtazama Dada Mkopo tangu kichwani hadi miguuni, akarudi ndani bila salamu. Vijana wa dalali wakaanza kuvutana na mashine kubwa kama wanaomburuta ng'ombe mkaidi.

"Mtaivunja hiyo!" Cheche alifoka. "Iuzwe kama chuma chakavu, halafu deni libaki palepale." Akachukua spana, akazifungua nati mwenyewe, akawaonyesha pa kushika. Lori lilipoondoka, akabaki na spana mkononi, hajui aiweke wapi.

Mwaka ulipofungwa, wafanyakazi waliitwa ukumbini. Mikopo mibovu imeshuka, faida imepanda, Meneja akatangaza. Watu wakapiga makofi. Dada Mkopo naye akapiga, angefanyaje?

"Na riba imeshuka," Meneja akaendelea. "Kuanzia leo tunarudi kukopesha. Dada, wewe rudi kwa mafundi wako."

Akarudi. Mashine za mjomba zilikuwa zimenunuliwa na fundi mnene mwenye karakana mtaa wa pili, na Cheche alikuwa kibarua wake, akizitumia kwa malipo ya kutwa.

"Karibu, Dada Mkopo!" yule mnene alimlaki kwa furaha. "Nasikia riba imekuwa ya kirafiki. Nataka mashine nyingine mbili."

Dada Mkopo alimtazama mjomba wake. Alitamani mjomba aseme neno, amtukane hata, mbele za watu. Cheche alizima mashine, akajifuta jasho.

"Mpe, mwanangu," alisema. "Kazi zikiongezeka, huenda na mimi nikaitwa wiki nzima. Sasa hivi naitwa siku mbili tu."

Dada Mkopo akamgeukia yule mnene, akamuuliza ana dhamana gani.