Kidirisha Nyuma ya Kiti

Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, mama mkwe alisema ni kwa sababu mimi ni kiguu na njia. Kiguu na njia gani? Mimi ni karani wa mapokezi wa zahanati. Nilikuwa nazunguka korido kumpelekea mume wangu, fundi wa eksirei, kadi za wagonjwa. Lakini mume wangu alimsikiliza mama yake. Akatoboa ukuta wa chumba chake cha eksirei, akaweka kidirisha cha mbao nyuma ya kiti changu, nikawa napitisha kadi bila kunyanyuka. Nilijiona malkia. Mimba ya pili nayo ikatoka.

Hii ya tatu imeshaanza kucheza.

Leo asubuhi alikuja mkaguzi wa mionzi, mama mmoja mpole mwenye kipimo mkononi. Mume wangu akawahi kutundika kalenda juu ya kidirisha, tena kalenda ya mwaka juzi. Mkaguzi akaibandua.

"Mficha uchi hazai, bwana," akasema. Hakujua anamwambia nani.

"Ni mbao ngumu hiyo, mama," mume wangu akajitetea. "Halafu mashine inaelekea ukuta ule mwingine."

"Mionzi ikimgonga mgonjwa inatawanyika pande zote. Ukuta huu ulikuwa na bati la madini ya risasi la kuizuia. Wewe umelikata."

Akanitoa kitini. Akaweka dumu la maji kitandani badala ya mgonjwa, kipimo akakiweka kitini kwangu, usawa wa tumbo. Mume wangu akapiga picha. Kipimo kikalia, kikalia, mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuza shingo.

"Nani anakaa hapa?" mkaguzi akauliza. Kisha akanitazama vizuri, akashusha macho.

Nilimshika mkono. "Na wale wawili? Ni hiki kidirisha? Niambie tu."

"Sijui, dada yangu. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Nenda kwa daktari leo leo."

"Na huyu?"

Akautoa mkono wake taratibu. Akaenda kuifunga mashine kwa lakiri.

Nikakaa palepale nilipozoea. Nyuma yangu kidirisha kikafunguka. Mkono wa mume wangu ukatoka, ukanipapasa begani, ukashuka kulitafuta tumbo kama kila asubuhi. Nilimhurumia, na nilitaka kuuvunja.

"Funga," nikamwambia.