Siku Tisa za Arcesio

Mimi uongo huunusa ukiwa bado ng'ambo ya mto, kabla haujavua kofia mlangoni. Basi msiniulize ilikuwaje nikaolewa na waongo wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili nikawalilia.

Huyu wa tatu ni mjukuu wangu, Arcesio. Kahawa ilipoiva, kila mkono ukatakiwa mlimani, yeye akatua kikapu akasema Mungu amemwita awe padri. Akaanza kulaza nywele kwa mafuta ya nguruwe na kutubusu mikono kwa midomo iliyolowa. Kila aliponibusu nilikwenda kunawa.

Dada yake Nubia alikuwa ameomba kwa miaka miwili aende kwa masista wanaouguza wazee. Lakini baba yao, mwanangu Gildardo, ana neno moja: "Mtoto mmoja kwa Mungu, mmoja kwa kahawa." Na kwa kuwa mama wa padri huketi benchi la mbele, mkewe alikwisha kushona gauni la benchi hilo. Nubia akapewa kikapu.

Huku kwetu wito haupimwi kwa maneno. Anayesema ameitwa hupewa siku tisa za kumhudumia mgonjwa asiyetakiwa na mtu. Padri Baudilio akampa Arcesio mzee Eleázar, aliyepanda kutoka bondeni baada ya Krismasi, akajifungia katika chumba cha nyuma ya kanisa na kidonda chake cha mguu. Hatoki, hapokei wageni. Na kidonda chenyewe! Usaha wa kijani, nzi, na uvundo wa panya aliyefia ukutani. Siku ya kwanza niliwapelekea mchuzi, nikamkuta Nubia amepiga magoti mbele ya beseni.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Mgongo unamuuma, bibi. Ameniomba nisiseme."

"Nawe umekubali, punda wee!"

"Mzee angeoza, bibi."

Nikamsaidia kukamua kitambaa, kisha nikatoka nje nikatapikia mawaridi ya padri. Siku ya pili nikarudi, maana udadisi wangu una nguvu kuliko tumbo langu.

"Haya, wewe Mungu amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu, bibi. Nikishamfunga kidonda, najua tu kwamba kesho nitarudi."

Mimi maisha yangu yote nimejua tu mahali nisipotaka kurudi.

Nubia akaniapisha kwa kaburi la mama yangu nisimwambie mtu.

Siku ya tisa Gildardo akachinja nguruwe. Padri akaketi kichwani mwa meza, mzee Eleázar akaletwa juu ya nyumbu, akawekwa pembeni na blanketi magotini. Arcesio alikuwa akitafuna ngozi iliyokaangwa, mafuta yanamtiririka kidevuni, huku akituombea sote kwa sauti. Kijiko changu cha maharage kikakataa kupanda.

Niliapa nisiseme, na sikusema. Kuuliza hakukuwamo katika kiapo.

"Arcesio, baba, hebu tushuhudie. Ulimwosha vipi mzee wetu?"

Akafuta mdomo kwa kiganja, akainua macho kwenye mabati.

"Kama Bwana alivyowaosha mitume, bibi. Siku zote tisa, miguu yote miwili. Vidole kumi, kimoja kimoja, na kila kimoja nikakibusu. Mwenzenu nilisikia harufu ya ubani tupu!"

Mama yake akaanza kulia kwa furaha. Padri Baudilio akaacha kutafuna.

Mzee Eleázar akavuta blanketi pembeni taratibu, akapandisha suruali, akachukua kijiko akagonga mguu wa kulia. Ko, ko, ko. Mti mtupu, kuanzia gotini hadi kiatuni.

"Aliyeniosha ni binti huyu hapa," akasema. "Lakini hebu niambie, mwanangu, hivyo vidole vitano vya upande huu, ulivibusia wapi?"