Mayowe Yasiyo na Namba

Kazi yake ilikuwa kupiga mayowe. Si kazi ya kumtajia mkwe siku ya kwanza, lakini ndiyo iliyomsomesha binti yake mpaka mwisho. Waigizaji wa filamu za kutisha huwa na sura nzuri na makoo mabovu. Walipofumbua vinywa kwenye picha, sauti iliyotoka ilikuwa ya kwake. Studio nzima ilimwita Bi Mayowe, isipokuwa fundi sauti, mdogo wa marehemu mumewe, aliyemwita shemeji na kumtania kila asubuhi kwamba kaka yake alikufa kiziwi.

Huyo shemeji ndiye aliyeyapa mayowe namba, kwenye daftari lake la jalada la bluu. Namba moja ilikuwa ya miaka ya mwanzo, zama za mizimu ya shuka jeupe na milango inayojifungua yenyewe: yowe refu, la kuvutwa, mkono shavuni. Watazamaji wakalizoea shuka, wakaanza kucheka. Yakaja mazimwi ya mpira, yakaleta namba mbili na tatu, za kukimbia huku unahema. Kisha vikaja visu, na damu ndoo kwa ndoo. Miaka hiyo ndiyo iliyomla koo, maana kila filamu ilitaka maiti saba na kila maiti ilitaka yowe lake. Hapo walifika namba saba. Ikafuata fasheni ya kamera inayotikisika kana kwamba aliyeishika anakimbizwa, na namba nane ikawa yowe linalokatika katikati. Tisa ilikuwa ya mzimu unaotokea kwenye simu. Kila mara alitaja namba kwanza, akapiga yowe, akanyamaza, na shemeji akaandika. Mambo yalikwenda hivyo miaka thelathini.

Sasa alikuja mwongozaji mpya, kijana mpole wa miwani mikubwa, asiyetaka yowe hata moja.

"Mama, watu wameshachoka na kelele," alimwambia. "Siku hizi kinachotisha ni kimya. Nataka pumzi tu. Dakika kumi za mtu aliye peke yake, anayejua kwamba hakuna anayekuja."

"Pumzi tu? Mwanangu, hiyo hata mbuzi anaweza."

"Mbuzi hajui kama hakuna anayekuja," shemeji alidakia, wakacheka wote watatu.

Kwa kuwa kijana alitaka awe peke yake kweli, waliwasha mashine, wakawasha taa nyekundu juu ya mlango, wakaenda zao kula mchana. Mkoba wake ulibaki nje kwenye kiti kama siku zote, kwa sababu zipu yake ilikuwa na kelele. Na ndani ya mkoba ilibaki dawa yake ya kuvuta, maana alikuwa na pumu. Kiyoyozi kilizimwa kwa kuwa kilinguruma. Na mlango, kwa upande wa ndani, haukuwa na mkono wa kitasa. Shemeji mwenyewe aliung'oa mkono huo kwa bisibisi miaka mingi nyuma, baada ya mlio wake kuharibu namba tano nzuri sana, na tangu hapo aliyemo ndani hufunguliwa na aliye nje. Hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu siku zote nje palikuwa na mtu.

Alipumua dakika zake kumi. "Basi, shemeji," akasema, kama alivyozoea. Kimya. Akangoja, akijisemea kwamba wanaume wakishaona chakula husahau hata majina yao. Ilipotimu dakika ya ishirini kifua kilianza kupiga filimbi, na utani ukamwishia. Filimbi ile aliijua. Baada yake hubana kama mkanda, na baada ya mkanda, mara ya mwisho, aliamkia hospitali.

Alipiga mlango kwa viganja, akaita, "Shemeji, nifungulie!", lakini kuta zilizojaa sponji zilimeza kila kishindo. Akaenda dirishani. Lilikuwa dirisha dogo la vioo viwili, lililotazama ukumbini, na sheria ya ukumbi ule kila mtu aliijua: taa nyekundu ikiwaka, hagusi mtu mlango. Mlinzi alikuwa anapita na birika. Bi Mayowe akapiga yowe kwa nguvu zake zote. Mlinzi akasimama, akaweka birika chini, akampigia makofi, akaokota birika, akaenda.

"Mbwa wewe!" alisema, na pumzi iliyotumika kwa tusi hilo aliijutia papo hapo.

Akaja mshonaji wa mavazi, mama mtu mzima, akaketi mkabala na dirisha ili apate mwanga wa kushonea pindo. Bi Mayowe moyo ukamruka kwa furaha. Akagonga kioo. "Nifungulie! Nakufa!" Mshonaji akainua dole gumba. Na angejuaje? "Nakufa" alikuwa ameisema mara mia mbili kwenye namba sita peke yake. Alikwaruza kioo kwa kucha. Mshonaji akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Alilia machozi ya kweli; mshonaji akaweka mkono kifuani, ameguswa. Alikipulizia kioo mvuke akaandika kwa kidole SAIDIA, na mwenzake akasogea, akasoma, akatabasamu, kwa sababu kuandika kwenye kioo kulishafanywa katika filamu tatu na yeye ndiye aliyeshona magauni ya mbili. Bi Mayowe akaanguka. Alipotazama juu kutoka sakafuni alimwona mshonaji amenyanyuka kidogo kwenye kiti, anatafuta pembe nzuri ya kuona.

Hapo aliogopa. Hofu aliyokuwa akiiuza miaka yote ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mtu wa kuifungulia mlango. Hii haikuwa na mtu. Alikuwa amewafundisha wote hawa, kwa koo lake mwenyewe, wasimwamini, na sasa kila alichojua kufanya kilikuwa kazi tu machoni pao. Mkanda ulishaanza kubana, na midomo ilimfa ganzi.

Mtu wa filamu ya kutisha, alijiuliza akiwa pale chini, hafanyi nini? Hupiga kelele, hujificha, husali, huvunja dirisha. Anakimbizwa usiku kucha na hata siku moja hajabanwa na haja.

Akajiinua kwa kushika ukuta. Akasimama mbele ya kioo, akabana mapaja, akaweka mikono chini ya kitovu, akarukaruka mara mbili kama mtoto safarini. Mshonaji akaangua kicheko, akachomeka sindano kifuani, akatazama huku na huku kama mwizi, akafungua mlango taa ikiwa nyekundu vilevile.

"Si ungesema tu, dada!"

Bi Mayowe alimpita, akauvamia mkoba, akavuta dawa mara moja, mbili, tatu. Mshonaji alipoiona midomo ile kicheko kilimkauka. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi nilikuwa nakuonyesha dole." Akakimbilia maji huku analia.

Wanaume walirudi wameshiba. Kijana alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akavaa vifaa vya masikioni, akasikiliza huku anarusha mbele, na kidogo kidogo akafumba macho. Shemeji alichukua upande mmoja akaegesha sikio kwa muda mfupi tu, kisha akaja amekunjua daftari, uso umemng'aa.

"Shemeji, umetuficha miaka yote hii! Nywele zimenisimama. Hii tuiite kumi, eh?"

Njiani mwa koo lake yalikuwa yamepangana matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

"Hiyo haina namba," alisema taratibu. "Hiyo nilikuwa nakuita."

Kalamu ikabaki hewani. Shemeji aliutazama mkoba uliofunguka mapajani pake, ile dawa kiganjani, kisha mlango, pale palipokuwa na tundu mbili za skrubu. Akaenda kwenye droo ya chini, akapekua nyaya za zamani, akatoka na mkono wa kitasa na bisibisi, akapiga magoti mlangoni. Bisibisi ikawa inateleza kwenye skrubu. Kijana alishavua vifaa vya masikioni akaviweka mezani bila kuzima mashine, na humo ndani, kwa sauti ndogo sana, yule mwanamke alikuwa bado anaita: shemeji, nifungulie, shemeji.